Kabla umwite mtu mzima 'boi', jua kisa cha 'knave'

Ukicheza kadi na watu wa boda pale steji ya Lugulu, J ni ya kuruka. Ukiiweka chini, anayekufuata anakosa zamu. Hiyo J ni Jack, hilo unalijua. Lakini kwa Waingereza wa kale kadi hiyo iliitwa 'knave', na neno hilo lilikuwa pia tusi. Ukiitwa knave, umeambiwa wewe ni mkora, laghai, mtu wa ovyo.

Sasa shika hii. Mwanzoni neno hilo halikuwa na ubaya wowote. Lilimaanisha mtoto wa kiume, basi. Kwa Kijerumani neno 'Knabe' bado lina maana ya mvulana, na hakuna anayekasirika. Hata Biblia ya Kiingereza ya Wycliffe, ya karne ya 14, ilimwita mtoto wa kiume 'knave child'. Baadaye mvulana akawa mvulana wa kutumwa, yaani mtumishi. Mwishowe mtumishi akawa mkora. Neno 'villain' nalo lilipita njia hiyohiyo: lilikuwa jina la mtu aliyelima shamba la bwana, leo ndiye adui kwenye filamu. Jiulize, nani aliyageuza maneno haya yakawa matusi? Sidhani ni mkulima wala mtumishi.

Kama unataka kuona neno hili likifanya kazi, soma Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1963. Inaanza na jambo ambalo kijana wa mjini atalitambua mara moja. Maofisa wawili wa Roma wanawakuta mafundi barabarani siku ya kazi, wanawauliza kwa ukali mbona wanatembeatembea bila vifaa vyao. Kanjo watupu! Fundi viatu anawajibu kwa mafumbo na mzaha, na ofisa anamwita knave. Hajaiba kitu. Kosa lake ni kumtania mwenye cheo.

Endelea hadi kitendo cha nne. Ni usiku, vita viko karibu, na Brutus anamwomba Lucius, mtumishi wake mdogo, ampigie muziki. Kijana amechoka, usingizi unambeba huku ala iko mkononi. Brutus anamwita knave pia, lakini kwa upole kama mzazi, kisha anaichukua ala ile polepole isije ikavunjika. Neno ni lilelile, tamthilia ni ileile. Kilichobadilika ni moyo wa msemaji.

Charles Dickens naye anatuchekesha kwa uchungu katika riwaya yake Great Expectations. Pip, mtoto anayelelewa na mhunzi kijijini, anacheza karata katika nyumba ya kitajiri. Anasema Jack, na Estella anamcheka kwa sababu kwa wakubwa inaitwa knave. Umeona? Kwa matajiri, lile neno la kutukana watumishi ndilo la heshima, na la mtoto wa kijijini ndilo la aibu.

Utasema hayo ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini. Haya, panda matatu ya Kitale hapo Lugulu. Huko mbele Trans Nzoia kulikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, na wanaume wengi wa upande wetu walienda kufanya kazi huko. Kama una kuka aliyefanya kazi hiyo, muulize aliitwa nani. Mtu ana mke, ana watoto, ana mvi, na bado ni 'boy'. Neno hilo likaingia hadi kwenye Kiswahili: boi, mtumishi wa nyumbani, hata awe na umri gani.

Kwa Mbukusu hilo lilichoma mara mbili. Kwetu, ambaye hajatahiriwa ni omusinde. Akishasimama mbele ya kisu bila kupepesa macho, amekuwa mwanamume, na ukimwita omusinde tena hapo umetafuta vita. Halafu mtu huyohuyo anaitwa mvulana na mlowezi, labda hata na mtoto wa mlowezi! Yaani kile Waingereza walichokifanya kwa neno knave kwao, walikuja kukirudia kwa wazee wetu kwa neno boy.

Lakini tusijifanye malaika. Mlowezi alishaenda, sisi tunaendelea. "Wewe kijana, fungua geti," unamwambia soja anayemzidi babako umri. Mama wa watoto watatu anakupikia na kukufulia, na ukiulizwa ni nani unasema ni "msichana wa kazi". Hujamtusi kwa nia mbaya, najua. Hata hivyo umemrudisha utotoni kwa sababu tu unamlipa.

Kuna atakayeniambia nimezidisha, kwamba mtaani 'boi yangu' ni rafiki. Sawa kabisa. Mimi na wewe tukiitana hivyo hakuna shida, maana tuko sawa na kila mmoja anaweza kumjibu mwenzake. Kipimo chenyewe ni rahisi: neno unalomwita mtu huyo, je, anaweza kukuita wewe hivyohivyo na usikasirike? Kama soja hawezi kukuambia "wewe kijana, ngoja hapo" bila kuhofia kazi yake, basi huo si utani. Ni knave ya kisasa.

Kwa hivyo kesho ukifika getini, jaribu "mzee, habari ya asubuhi". Na huyo mama jikoni ana jina. Kama hulijui hadi leo, anza kwa kumuuliza.