Tuache kupika data za udongo

Nimekuwa kimya wiki nzima, praktikali zimenibana. Leo nina dukuduku.

Juzi kundi letu tulipima upenyezaji wa maji kwenye mchanga. Unajaza udongo kwenye silinda, unapitisha maji yakiwa kwenye kimo kilekile, unakinga yanayotoka huku mwenzako anahesabu sekunde. Ndiyo kanuni ya Darcy, yule mhandisi Mfaransa aliyeitoa mwaka 1856 akishughulikia maji ya mji wa Dijon. Kipimo rahisi, ila kinataka subira: udongo ushibe maji kwanza. Hewa ikibaki kati ya chembe inaziba njia, na jibu linatoka dogo kuliko ukweli.

Sisi subira hatukuwa nayo. Usomaji wa kwanza na wa pili haukufanana hata kidogo, njaa inauma, basi mmoja wetu akatoa ripoti ya mwaka jana. Tukanakili: milimita 0.1 kwa sekunde. Na mimi nilisaini, sijitoi.

Sasa jioni nimerudi gheto, uswahilini huku Dar, nikamkuta mama mwenye nyumba anachota maji kisimani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, si ndiyo mnasomea udongo nyie? Hivi haya maji na kile choo pale, hamna neno?" Choo cha shimo kiko kama mita 15 tu, na eneo lote ni mchanga mtupu. Nikababaika.

Usiku nikapiga hesabu. Tuseme maji ya chini yanateremka mita 1 kwa kila mita 100, na matundu ya mchanga ni asilimia 30. Kwa namba tuliyoipika, maji yanatembea kama sentimita 29 kwa siku, kwa hiyo yanafika kisimani baada ya siku 52. Kumbe namba ya kweli ikiwa milimita 1 kwa sekunde, ambayo kwa mchanga safi ni kawaida kabisa, yanafika kwa siku 5! Ujerumani wanatumia siku 50 kuweka mpaka wa eneo la ndani la kulinda visima, wadudu wengi wa kinyesi wawe wameshakufa njiani. Yaani sifuri moja tu ndiyo inaamua mama anakunywa nini.

Wengine mtasema hata kipimo kizuri cha maabara si ardhi yenyewe. Kweli, udongo tuliouchekecha umepoteza matabaka na njia za mizizi, na kisima chenyewe kinatakiwa kipimwe kwa kupampu. Lakini hiyo si ruhusa ya kubuni. Mimi naona usomaji uliokataa uandikwe hivyohivyo kwenye ripoti, na sababu yake, na wasahihishaji watoe maksi kwa hilo. Mkitoa maksi kwa jibu linalofanana na la kitabu tu, mtaletewa la kitabu kila mwaka.

Mama nimemwambia achemshe ya kunywa, kwanza. Kesho saa mbili asubuhi nakwenda kumwomba fundi wa maabara silinda turudie. Wenzangu wawili wamekubali, yule mwenye ripoti ya mwaka jana bado amenuna.