Mgeni Njoo, Je, Mwenyeji Amepona?

Jua linapokuchwa mjini Beirut, taa za mikahawa huwashwa katika mitaa ya Gemmayzeh, Mar Mikhael na Badaro. Magari ya fahari hupokewa mlangoni na vijana wa kuyaegesha, na wageni hukaribishwa kwenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Miongoni mwa mikahawa ya mji huo imo ile inayojivunia kuoanisha mapishi ya Lebanon na ya Italia. Humo mgeni huletewa tambi zilizojazwa labneh, yaani mtindi uliochujwa maji hata ukawa mzito kama jibini. Huletewa risoto ambayo mchele wake umeondolewa na mahali pake pakawekwa ngano changa iliyobabuliwa motoni. Huletewa pia mkate wa pizza ulionyunyizwa zaatari na mafuta ya zeituni. Chakula ni kizuri, na wapishi wake ni mafundi hodari. Lakini mlo ukiisha huletwa hati ya malipo, na hati hiyo ndiyo inayoeleza hali ya nchi kuliko hotuba nyingi za Bunge lake.

Hati hiyo imeandikwa kwa dola za Marekani. Mwaka 2022 serikali ya Lebanon iliiruhusu mikahawa na hoteli kutaja bei zake kwa fedha hiyo ya kigeni, na mwaka uliofuata maduka makubwa ya vyakula nayo yakaruhusiwa kufanya hivyo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba fedha ya nchi ilikuwa ikiporomoka kutwa kucha, na mfanyabiashara hakuweza kujua asubuhi kama bei ya jana ingali ina maana. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, tangu hapo wananchi wa taifa moja wamegawanyika waziwazi katika mafungu mawili: wale wanaopata dola na wale wasiozipata. Fungu la kwanza huketi mezani. Fungu la pili huosha sahani, au hupita nje likaendelea na safari.

Wapo wanaosema kwamba mikahawa ya namna hiyo ni aibu, na kwamba katika nchi yenye njaa ingefaa ifungwe milango. Wapo na wengine, hasa wale wenye mali, wanaodai kwamba mikahawa iliyojaa ni ushahidi kwamba Lebanon ingali hai na kwamba habari za umaskini zimetiwa chumvi. Makundi yote mawili yamekosea. La kwanza linakilaumu chakula kwa dhambi isiyo yake, na la pili linatumia chakula kuifunika dhambi ya watu.

Ni vema kuanza na chakula chenyewe, maana hakina hatia. Kukutana kwa jiko la Lebanon na la Italia hakukubuniwa na matajiri wa leo wanaotafuta vionjo vipya. Bahari ya Kati imekuwa njia ya wapishi na wakulima tangu kale. Ngano ngumu inayofinyangwa tambi ina asili yake katika nchi za mashariki ya bahari hiyo, Lebanon ikiwa mojawapo ya jirani zake wa kwanza. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, aliyemtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kwamba katika kijiji cha Trabia watu walitengeneza tambi kavu zilizoitwa kwa jina la Kiarabu, itriya, na kuzipakia majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo pia. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1613, Amiri Fakhr al-Din wa Pili wa Mlima Lebanon aliwakimbia Waturuki akapata hifadhi kwa ukoo wa Medici huko Toscana. Alirejea kwao mwaka 1618 akiwa ameyaona majengo na kilimo cha Waitaliani, na akaendelea kushirikiana nao hadi Waturuki walipomnyonga mwaka 1635.

Mama wa kijijini nchini Lebanon hahitaji kufundishwa jambo hili. Shish barak, vile vidonge vya unga vilivyotiwa nyama na kupikwa katika mtindi wa moto, ni ndugu wa damu wa tortellini za Bologna. Nyanya inayowekwa katika tabule ya Beirut na katika mchuzi wa Napoli si mali ya hata mmoja wao: ilivuka bahari kutoka Amerika. Kwa hiyo mpishi anayekutanisha vyakula hivi mezani hafanyi uigaji wa kibaraka. Anafanya kazi ya zamani na ya heshima.

Kosa liko kwingine. Kwanza liko katika fedha. Kuanzia mwaka 1997 paundi ya Lebanon ilifungwa kwenye dola kwa bei isiyobadilika ya paundi 1,507.5. Kwa miaka zaidi ya ishirini benki ziliwavutia wenye akiba kwa faida kubwa, zikaikopesha Benki Kuu na serikali, na deni la zamani likalipwa kwa amana mpya. Wakubwa walijua kwamba mtego huo ungefyatuka siku moja. Ulifyatuka Oktoba 2019, wananchi walipojaa barabarani kuupinga utawala wao na benki zikafunga milango. Zilipofunguliwa tena, mwalimu, muuguzi na mzee wa pensheni waliambiwa kwamba fedha zao zimo daftarini lakini hazitoki. Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa deni la nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla ya msiba huo mshahara wa kima cha chini ulikuwa paundi 675,000, sawa na dola zipatazo 450. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2021, paundi hizo hizo zilinunua dola zipatazo 25 tu katika soko la mtaani. Machi 2023 dola moja ilipita paundi 100,000. Benki ya Dunia, ambayo haifahamiki kwa ukali wa maneno, ilisema mwaka 2021 kwamba anguko hili huenda likawa miongoni mwa matatu mabaya kuliko yote duniani tangu katikati ya karne ya kumi na tisa, na iliwahi kuliita mdororo wa makusudi. Uchunguzi wake uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika mikoa iliyopimwa, umaskini ulikuwa umepanda kutoka asilimia 12 mwaka 2012 hadi asilimia 44 mwaka 2022. Septemba 2022 mwanamke mmoja aliingia benki mjini Beirut akiwa na bastola ya bandia, akadai akiba ya familia yake ili dada yake mwenye saratani atibiwe. Aliondoka na dola zipatazo 13,000. Taifa ambalo raia wake hulazimika kuipora akiba yake mwenyewe halina haki ya kuonyesha mikahawa iliyojaa kuwa ni dalili ya afya.

Pili, kosa liko katika ngano, ambayo ni roho ya meza zote mbili, ya Lebanon na ya Italia. Nchi hiyo huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na kabla ya vita vya mwaka 2022 nyingi ilitoka Ukraine. Ghala lake kuu lilikuwa minara ya nafaka ya bandari ya Beirut, yenye uwezo wa kuhifadhi tani 120,000. Tarehe 4 Agosti 2020 shehena ya tani 2,750 za chumvi ya amonia, iliyoachwa bandarini kwa miaka huku maofisa wakiandikiana barua, ililipuka. Zaidi ya watu 200 waliuawa, maelfu walijeruhiwa, na watu wapatao 300,000 walikosa makazi. Gemmayzeh na Mar Mikhael, mitaa ile ile ya mikahawa, iligeuzwa kifusi kwa dakika moja. Minara ile ilisimama kama ngao, ikaukinga upande wa magharibi wa mji. Kisha katika Julai na Agosti 2022 sehemu yake ya kaskazini ikaungua na kuanguka, watu wakitazama. Mwaka huo huo wananchi walipanga mistari mirefu mbele ya matanuri ya mikate, na ikabidi nchi ikope dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia ili inunue ngano. Msomaji na apime: mstari wa mkate upo mtaa huu, na tambi za dola zipo mtaa wa pili, na unga ni ule ule.

Tatu, kosa liko katika mikono isiyoonekana, na hapa jambo linaigusa Afrika Mashariki. Familia nyingi zinazokwenda kula mikahawani huwaacha nyumbani watumishi wa kike kutoka Ethiopia, Kenya na nchi nyingine za Afrika na Asia. Mara nyingine mtumishi huchukuliwa pamoja nao, akaketi pembeni kumlisha mtoto wa bwana mkubwa bila yeye mwenyewe kuagiziwa kitu. Watumishi hao hufungwa na utaratibu uitwao kafala, unaomfanya mwajiri kuwa mdhamini wa ukaazi wao, hata wakimwacha bila idhini huhesabiwa wahalifu. Sheria ya Kazi ya Lebanon ya mwaka 1946 iliwatoa nje ya hifadhi yake. Septemba 2020 Wizara ya Kazi ilitoa mkataba mpya uliowapa haki ya kuvunja ajira na ya kupumzika; mwezi uliofuata mahakama kuu ya utawala ikausimamisha baada ya mawakala wa kuajiri watumishi kulalamika.

Matokeo yake yalionekana barabarani. Mwaka 2020, dola zilipoadimika, waajiri waliwashusha wanawake wa Kiethiopia na mizigo yao mbele ya ubalozi wao, wengine bila mshahara wa miezi mingi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya ofisi ya konseli wao mjini Beirut wakidai kurudishwa nyumbani. Vita vilipopamba moto Septemba 2024, familia nyingine zilikimbia kutoka kusini zikawaacha watumishi nyuma, na baadhi ya vituo vya wakimbizi vikawakatalia hifadhi kwa kuwa si raia. Hao ni mabinti wa vijiji vya Afrika, waliokwenda kupika na kufua ili wadogo zao wasome.

Haya yote hayana maana kwamba mikahawa ya Beirut ni adui. Kinyume chake, wapishi na wahudumu wake ni wafanyakazi, na mwenye mkahawa anayelipa mshahara kwa wakati ana manufaa kuliko mwenye benki anayeikalia akiba ya yatima. Zaidi ya hayo, wapishi wa mji huo wamekwisha kuonyesha kwamba jiko linaweza kuwa la umma. Baada ya mlipuko wa mwaka 2020 vijana wa mtaa wa Geitawi walikigeuza kituo cha petroli kilichoachwa kuwa jiko la kuwalisha majirani. Shirika la Souk el Tayeb, linalofahamika kwa soko lake la wakulima, lilianzisha jiko la watu wote. Mwaka 2024, zaidi ya watu milioni moja walipoyahama makazi yao, wapishi waliacha vyombo vya fahari wakashika masufuria makubwa. Ufundi ule ule unaomfurahisha mwenye dola ulimshibisha aliyepoteza nyumba.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila kiangazi Walebanoni walioko ughaibuni hurejea na dola zao, mikahawa ikajaa na wenye nchi wakajipongeza. Mgeni amekuja kweli. Lakini mwenyeji atapona pale tu dola hizo zitakapovuka ukingo wa meza: zimfikie mpishi na mwosha vyombo kama mshahara, zimfikie mkulima wa Bekaa kama bei ya haki, ziifikie hazina kama kodi isiyokwepwa.

Serikali iliyoundwa Februari 2025 chini ya Waziri Mkuu Nawaf Salam iliingia madarakani ikiahidi mageuzi na uokozi. Ahadi hizo zina vipimo vyepesi kueleweka. Mwenye akiba ndogo arudishiwe haki yake kabla ya mwenye hisa kubwa wa benki. Waliohusika na shehena ya bandarini wafikishwe mbele ya sheria bila kujali madhehebu wala chama. Ghala la ngano lijengwe upya. Kafala ivunjwe, na mtumishi wa nyumbani ahesabiwe mfanyakazi. Kwa upande wao, serikali za Afrika Mashariki hazina budi kuacha kuhesabu fedha zinazotumwa na mabinti hao huku zikiwasahau mabinti wenyewe. Ofisi ya ubalozi isiyoweza kumfungulia mlango raia wake usiku wa shida imekosa kazi yake ya kwanza.

Tambi na labneh zitaendelea kukutana, kama zilivyofanya ndugu zake kwa karne nyingi, na hapana ubaya. Kinachongojwa ni siku ambapo mhudumu wa mkahawa huo, akimaliza zamu yake, ataweza kuketi na watoto wake kwenye meza aliyoitandika mwenyewe, akala, akalipa kwa fedha ya nchi yake, akarudi nyumbani bila deni. Siku hiyo taa za Gemmayzeh zitakuwa ushahidi wa kweli kwamba mwenyeji amepona.