Plasta ya Mama kwa Ugonjwa wa Baba

Mama mmoja alinishika mkono tukitoka kwenye kikao cha akina mama, akaninong'oneza: "Dada, mume wangu ana kansa ya tezi dume. Daktari anasema pamoja na mionzi achomwe sindano ya kuzima homoni za kiume. Sasa atabaki mwanamume kweli?"

Wengi wetu tunaliogopa swali hilo. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, na kansa yake hustawishwa na homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Homoni hiyo ikizimwa, kansa hudhoofika na mionzi hufaulu zaidi. Mwaka 1997 madaktari wa Ulaya walitangaza matokeo ya wagonjwa ambao kansa yao ilikuwa haijasambaa mbali. Miongoni mwa waliopata mionzi peke yake, 62 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliochomwa na sindano pia walikuwa 79. Kwa hiyo, mama, usimshauri mumeo aikatae.

Lakini sindano ina taabu zake. Mwili wa mwanamume hutengeneza homoni kidogo ya kike kutokana na ile ya kiume, nayo hulinda mifupa yake. Ya kiume ikizimwa, ya kike nayo hupungua. Basi baba anavuja jasho usiku, joto linampanda ghafla, mifupa inadhoofu. Sisi tuliokwisha kukoma hedhi hatuhitaji kuelezwa!

Ndipo watafiti wa Uingereza walipoigeukia dawa ya akina mama: plasta yenye estrojeni, ambayo wanawake waliokoma hedhi hubandika kwenye ngozi. Kwamba estrojeni huzima testosteroni si habari mpya. Charles Huggins wa Chicago alilionyesha jambo hilo mwaka 1941. Tatizo lilikuwa vidonge. Vikimezwa hupitia kwenye ini, na vilileta kuganda kwa damu na maradhi ya moyo. Dawa ya ngozini huingia kwenye damu bila kuanzia kwenye ini.

Utafiti huo ulianza 2006, na matokeo ya wanaume 1,360 yakatangazwa 2024. Baada ya miaka mitatu, 87 kati ya kila 100 waliotumia plasta walikuwa hai bila kansa kusambaa. Wa sindano walikuwa 86. Joto la ghafla liliwapata 44 kati ya 100 wa plasta, na 89 wa sindano. Ila matiti yalivimba kwa 85 wa plasta, dhidi ya 42.

Hapo kwenye matiti ndipo penye kazi. Mwanamume atavumilia maumivu, lakini atakataa kuvua shati mbele ya wanawe. Hamu ya tendo la ndoa nayo hupungua, iwe sindano au plasta. Mzungumze mapema, wawili tu, kabla hajaanza kulala akiwa amekupa mgongo.

Na tafadhali, usimbandike plasta yako mwenyewe. Wagonjwa hawa hubandikwa plasta kadhaa kwa pamoja, na damu hupimwa kuona kama testosteroni imeshuka kweli.

Yule mama nilimwambia amuulize daktari kuhusu mifupa na moyo wa mumewe, na kama plasta inapatikana hapo. Akasema safari hii ataingia naye ndani. Siku zote alikuwa akimsubiri kwenye benchi.