Likizo hii, hesabu ndege wa kwenu

Ukirudi nyumbani likizo hii, iwe ni Gede, Ganze au Magarini, tuna ombi moja. Asubuhi moja, kabla hujafungua simu, kaa kibarazani uhesabu ndege wanaotua kwenye miti ya boma lenu. Dakika 20 tu. Halafu andika.

Eti hayo ni mambo ya watalii wa Watamu wenye darubini shingoni? Mbona nyanya yako anawajua ndege wa shamba lake bila darubini? Muulize. Atakuambia dudumizi akilia, mvua haiko mbali. Atakuonyesha chozi akifyonza maua. Pengine atakutajia na wale ambao siku hizi hawasikii tena. Shida ni kwamba anayoyajua yamo kichwani mwake tu. Hakuna aliyeyaandika.

Na wakati huu yanahitajika sana. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu anayekunyang'anya mahamri mezani si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni bara Hindi, na Mombasa alianza kuonekana miaka ya 1940. Leo ametapakaa hadi Malindi. Anashibishwa na takataka zetu, na anakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja.

Tuseme kunguru wakipungua kweli. Utajuaje kama chozi na kwera wa kwenu wameongezeka, ikiwa hakuna aliyewahesabu mwanzo? Na wakizidi kupotea, utatoa ushahidi gani?

Usidhani wataalamu wameshamaliza kazi. Kuna kwera mmoja, dume lake jeusi na manjano, ambaye duniani kote anajulikana kuishi Kaunti ya Kilifi pekee: msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, na msitu wa Dakatcha kaskazini yake. Wanasayansi walimpa jina 1913. Viota vyake havikupatikana hadi 2013, kwenye kinamasi kimoja huko Dakatcha, na wenyeji walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimtafuta. Miaka 100 nzima! Msitu ukikatwa kwa makaa kabla hatujajua ndege anazalia wapi, tutalinda nini?

Basi hebu anza na boma lenu. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, saa, mahali, aina ya ndege na idadi. Kama humjui jina, eleza rangi, mdomo na mlio wake, kisha umuulize mzee anaitwaje kwa Kigiriama au Kiswahili. Rudia siku nyingine, saa ile ile, ili hesabu zako zilinganike. Ukipata mazoea, peleka orodha yako kwa mradi wa Kenya Bird Map, unaopokea taarifa za watu wa kawaida kutoka vipande vya nchi vya takriban kilomita 9 kwa 9. Mjini Nairobi wanaohesabu ni wengi. Vijiji vya ndani ya Kilifi vinakuhitaji wewe.

Ukiwa huko, fanya na haya mawili. Mdogo wako akiwa na manati, mpe kalamu badala yake, na umwambie viota haviguswi. Pili, shimo la taka la nyumbani lifunikwe, maana kunguru anayelishwa uani kwenu ndiye atakayepanda mwembeni kutafuta makinda.

Kaunti haiwezi kudai kulinda ndege ambao hata idadi yao haijulikani. Orodha ya boma lenu hakuna ofisi itakayokuandikia. Iandike wewe, nyanya akiwa bado yupo wa kukutajia majina.