Kuziba Mdomo si Kuponya Jeraha



Ndugu wapendwa, juma hili tunawaalika tuitazame India kwa swali moja: serikali inapofunga maandishi yenye chuki, je, inaitibu chuki au inaificha tu?

Tarehe 11 Julai 2006 mabomu yaliua watu zaidi ya 180 katika treni za Mumbai. Siku chache baadaye serikali iliyaagiza makampuni ya intaneti yafunge kurasa zipatazo 17. Miongoni mwake ilikuwamo Dalitstan, iliyodai taifa la Wadalit, yaani wale walioitwa kwa karne nyingi watu wasioguswa. Baadhi ya makampuni yakafunga Blogspot na Geocities zima zima, na waandishi wengi wasio na kosa wakanyamazishwa kwa takriban juma moja.

Hatuitetei lugha ya Dalitstan. Iliwashambulia Wabrahmini kwa jumla, na kumhukumu mtu kwa ukoo wake ndiyo dhambi ileile iliyowatesa Wadalit. Tena, anayechochea mauaji hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa kusema.

Hata hivyo, jeraha lilikuwa la kweli. Katiba ya mwaka 1950, ibara ya 17, ilifuta utengano huo katika sheria, si katika mioyo. Na kwa amri ya Rais ya mwaka huohuo, Wadalit Wakristo na Waislamu hawahesabiwi katika nafasi walizotengewa wenzao Wahindu, ingawa Masingasinga waliongezwa mwaka 1956 na Wabudha mwaka 1990.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1936 Dkt. B. R. Ambedkar, naye Mdalit, alialikwa Lahore kuhutubia juu ya kufutwa kwa matabaka. Waandaaji walipoisoma hotuba yake waliiona kali mno, wakaufuta mkutano. Akaichapisha mwenyewe. Baadaye mtu huyohuyo aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba. Sauti iliyoonekana hatari ndiyo iliyolipatia taifa sheria yake kuu.

Leo India hufunga kurasa kwa kifungu cha 69A, kilichoongezwa katika sheria ya teknolojia ya habari kwa marekebisho ya mwaka 2008. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikiacha kisimame, ikikumbusha kwamba sababu lazima ziandikwe. Lakini kanuni za mwaka 2009 zinaamuru malalamiko na hatua zilizochukuliwa viwe siri. Siri hiyo ndiyo tunayoipinga. Mzazi amwadhibuye mtoto bila kumtajia kosa hamfunzi, humtia kinyongo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Serikali na itaje ilichokifunga, ieleze kwa nini, na impe mwandishi nafasi ya kujitetea. Nasi, kabla ya kushangilia kuzibwa mdomo kwa tusiyempenda, tujiulize kwanza: je, kilio chake kilipata kusikilizwa?