Mkojo wa Mtoto Mchanga Usipuuzwe

Wananchi wa Kipatimu na pwani yote ya Kilwa wanakifahamu kichocho. Lakini yako maradhi ya mkojo yasiyotoka bwawani: mtoto wa kiume huzaliwa na utando katika njia ya mkojo. Mkojo hutoka kwa matone, tumbo la chini huvimba, homa humrudia. Mkojo uliozuiwa hurudi nyuma ukaharibu mafigo.

Sisi twasema: mama aelezaye dalili hizo asipewe dawa ya homa tu akarudishwa nyumbani. Mtoto atiwe mpira wa kutoa mkojo, apimwe damu, mafigo yatazamwe kwa ultrasaundi, kisha apelekwe upesi kwa daktari mpasuaji. Milima ya Matumbi iko mbali na Dar es Salaam. Zahanati isiongeze umbali huo kwa kukawia. Utando huondolewa, figo lililokufa halifufuki.