Damu ya mzazi isingoje feri

Msomaji wa Likoni, hebu hesabu nami. Mimba ikishakomaa, damu ipitayo kwenye nyumba ya uzazi kwa dakika moja ni nusu lita au zaidi. Mama akipasuliwa, mtoto akatolewa, kisha nyumba hiyo ikakataa kujikaza, aweza kupoteza lita nzima kabla hujamaliza kikombe chako cha chai. Je, painti ya damu itavuka kivuko saa ngapi?

Daktari hakai mikono mitupu. Hukanda nyumba ya uzazi, huagiza oksitosini ili ijikaze, na asidi ya traneksamiki ili damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa dawa hii ya pili yafaa itolewe ndani ya saa 3. Ikibidi, hufunga mishipa au kuitoa nyumba yenyewe. Mtaalamu wa nusukaputi naye hupigania presha isishuke. Lakini maji ya mshipani hayabebi oksijeni. Damu nyingi ikimwagika, hurudishwa kwa damu.

Ndiyo maana mimi sishangilii sana tukifunguliwa chumba kipya cha upasuaji upande wa bara. Ni jema, nani atakataa? Ila chumba bila friji yenye akiba ya damu ni nusu ya kazi. Kisauni wana daraja la Nyali, Changamwe wana Makupa. Likoni tuna feri, na Dongo Kundu ni mzunguko. Damu na ikae pale mama anapopasuliwa, ihesabiwe kila asubuhi kama fedha za duka.

Wewe nawe usingoje simu ya jamaa. Damu ya kutolewa leo lazima kwanza ipimwe Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Ukiwa mzima, miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, toa sasa. Mwanamume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke 4.

Na wewe mama uliyewahi kupasuliwa, waambie kliniki mapema. Kondo la nyuma laweza kujishika kwenye kovu, na altrasaundi yaweza kulionyesha. Likionekana hivyo, ujifungulie kisiwani, kwenye Hospitali Kuu ya Pwani. Vuka siku kadhaa kabla, ulale kwa shangazi Majengo, uchungu usikukute kwenye foleni ya feri.